Gesi ya Friji Haiishi: Ushauri kwa Vyuo Vinavyofundisha Ufundi wa Ubaridi Busia na Malaba

Gesi ya friji haiishi. Ile ya kupikia huungua, mtungi ukabaki mtupu. Gesi ya friji huzunguka tu ndani ya mabomba yake, ikigeuka mvuke upande mmoja na kiowevu upande wa pili, mwaka baada ya mwaka, bila kuliwa na chochote. Ikipungua, imevuja. Ikivuja, kuna tundu. Hilo ni somo la kwanza kabisa la ufundi wa ubaridi. Hata hivyo, waulize wenye friji wa Busia na Malaba, awe mama wa maziwa, mwenye hoteli au muuza samaki, fundi alipokuja mara ya mwisho alifanya nini. Wengi watakujibu kwa maneno mawili: alijaza gesi. Na mara iliyotangulia? Alijaza gesi. Kabla mwezi haujaisha friza imeanza tena kutiririsha maji sakafuni, samaki wameharibika, na simu ya fundi haipatikani.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo ningependa litumike kupimia chuo chochote kinachofundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi katika kaunti hii. Mhitimu anayetafuta tundu kabla ya kugusa mtungi amefundishwa. Anayefungua mtungi kwanza hajafundishwa, hata awe na cheti cha ngazi ya 6 chenye muhuri mbichi. Mkuu wa idara, mkufunzi, mjumbe wa bodi, na wewe mzazi unayelipa karo, haya yafuatayo nawaandikia ninyi. Nitazungumzia vifaa, saa za karakana, mitihani na mafunzo kazini, lakini kila kimoja nitakipima kwa swali hilohilo.

Anzeni na kazi iliyopo hapa. Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa katika nchi za baridi, na ndiyo maana sura zake za mwanzo zimejaa matanuri ya kupasha nyumba joto, boila na mabomba ya mvuke. Busia iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya joto na unyevu wa ziwa, na hakuna anayewasha moto ili apate usingizi. Joto linalohitajika huku ni maji ya kuoga hotelini, maji ya hospitali, na vifaranga wa siku moja. Yafundisheni hayo kwa wiki chache, pamoja na mitambo ya jua ya kupasha maji, kisha saa zilizobaki zipelekeni kwenye baridi. Chuo kinachotumia muhula mzima kuchora boila ambayo mwanagenzi hataiona hadi astaafu kimemnyima muhula wa kulehemu.

Kazi ya baridi yenyewe ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na inabadilika ukitoka ziwani kwenda mpakani. Port Victoria, Sio Port na Marenga ni samaki. Mbuta akishatolewa majini, kila saa anayokaa bila barafu inampunguzia bei, na barafu ndiyo inayofanya kazi kubwa: kilo moja ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto bila yenyewe kupanda hata nyuzi moja. Fundi wa upande huo anahitaji kuzijua mashine za barafu, vyumba vya baridi, na friza za kulala zinazofunguliwa mara mia kwa siku sokoni. Anahitaji pia kujua kwamba chumvi, magamba na maji machafu hula mapezi ya alumini, na kwamba friza iliyosukumwa hadi ukutani inapikwa na joto lake yenyewe.

Ukija hospitalini, mambo ni mengine. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi. Watu huogopa joto, lakini baridi iliyozidi nayo huua chanjo: ile ya homa ya ini aina ya B na ile ya mchanganyiko wa magonjwa matano anayopewa mtoto mchanga huharibika zikiganda, na hazirudi tena hata zikiyeyushwa. Fundi aliyezoea friji za soda akiitwa kwenye zahanati ya Teso Kaskazini, akakaza thamostati ili "igandishe vizuri", anaweza kuwaacha watoto wa kata nzima na chanjo isiyokinga. Hakuna atakayejua siku hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, ile ya Kocholia na ile ya Port Victoria zina friji za aina hii, kisha kuna friji za damu, za maabara, na mochari. Hata mochari ina haki ya fundi anayejua kazi. Familia inayosubiri jamaa afike kutoka mbali kwa mazishi haistahili kuambiwa kwamba mtambo ulizimika usiku.

Halafu kuna Malaba. Malori ya kontena za baridi hupita hapo yakienda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, mengine yakirudi na minofu ya samaki kuelekea Mombasa. Kontena ya namna hii hutunza baridi ya mzigo uliopakiwa ukiwa tayari baridi, haikuundwa kupoza mzigo wa moto, na hutegemea jenereta yake inapokuwa barabarani. Foleni ikikwama, jenereta ndiyo roho ya mzigo. Mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa Covid-19 mpakani, foleni ya Malaba ilirefuka kwa kilomita nyingi na watu walilala barabarani siku kadhaa. Fundi anayeweza kusoma kengele ya hitilafu kwenye kioo cha kontena, kupima fezi tatu, na kubadilisha kontakta saa nane usiku hatakosa kazi katika mji huu. Vyuo vinavyoifundisha kazi hiyo ni vichache, nami naiona kuwa nafasi kubwa inayopotea mbele ya macho yetu.

Kontena hizohizo ndizo zilizotoa funzo chungu mwaka 2011. Wafanyakazi 3 waliuawa, 2 Vietnam na 1 Brazil, baada ya kompresa za kontena za baridi kulipuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba zilikuwa zimejazwa gesi bandia: mtungi uliandikwa R-134a, lakini ndani mlikuwa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kemikali inayowaka inapogusana na hewa tu. Mji wa mpakani, ambako mitungi huingia kwa njia nyingi na bei hushindana, una sababu ya kulifundisha tukio hilo kwa kirefu. Mwanagenzi ajue kupima shinikizo la mtungi uliotulia, alilinganishe na jedwali la gesi kwa joto la siku hiyo, na akatae mtungi usiolingana hata kama ni wa bei nafuu. Zoezi hilo linahitaji geji, kipimajoto na karatasi moja.

Upande wa ofisi nitaupita haraka. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, pamoja na kile cha Malaba, mabenki, vyumba vya seva na hoteli mpya, vyote vina viyoyozi vya ukutani. Kazi nyingi hapo ni usafi wa vichujio, maji yanayovuja ndani, na ufungaji mbaya wa mwanzo. Kabini za malori na matatu zina viyoyozi vyao pia, na wenye gari hulipa papo hapo.

Sasa, hayo ni maelezo yangu. Chuo kisiyachukue hivihivi. Tumieni muhula mmoja kuwatuma wanagenzi wawili wawili, wakiwa na barua ya chuo, wazunguke Soko Posta, Bumala, Nambale, Amagoro, Malaba na fukwe za Bunyala. Waandike kila chombo cha baridi wanachoruhusiwa kukiona: aina, umri, gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko, hitilafu ya mwisho, nani alitengeneza, ilidumu kwa muda gani. Mkirudi na orodha hiyo, mtajua uzito wa kila somo bila kubishana. Ikiwa nusu ya friji mlizozikuta zina gesi ya R-600a nanyi karakanani mnafundisha R-134a peke yake, jibu mnalo. Mtaala wa kitaifa wa umilisi hauwazuii kuchagua mifano ya kazi inayolingana na eneo lenu. Unadai umilisi uthibitishwe kwa kazi halisi.

R-600a nataka tuikalie kidogo, maana hapo ndipo mafundi wengi wa mpakani wanapoumia. Ni aina ya butani, inawaka, na friji ya nyumbani huwa nayo kidogo sana, aghalabu chini ya gramu 100. Kosa la gramu 10 linatosha kuiharibu kazi, kwa hiyo huwezi kuijaza kwa kugusa bomba na kusikiliza kompresa. Unahitaji mizani inayosoma gramu. Jambo la pili ni geni kwa waliozoea gesi za zamani: friji hii inapofanya kazi, shinikizo la upande wa kurudi kwenye kompresa huwa chini ya lile la hewa ya nje. Tundu likiwa upande huo, gesi haitoki. Hewa na unyevu ndivyo vinavyoingia. Fundi atapaka povu la sabuni huku friji ikinguruma, hataona hata kiputo kimoja, atasema hakuna tundu, kisha ataongeza gesi juu ya hewa. Kompresa itachemka na kufa. Njia sahihi ni kuizima friji, kuitoa gesi iliyobaki mahali penye hewa ya kutosha mbali na cheche, kuingiza nitrojeni kavu kwa shinikizo linaloruhusiwa, ndipo kupaka povu. Na kuna wanaoingiza gesi ya kupikia kwenye friji kwa kuwa "ni butani tu". Ile ina mchanganyiko usiolingana, unyevu na dawa ya harufu. Mwalimu alipige marufuku waziwazi darasani, tena aeleze kwa nini.

Nitrojeni nimeitaja, niongeze onyo. Usimruhusu mwanagenzi hata mara moja kupima tundu kwa oksijeni ya mtungi wa kulehemu. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Mafundi wa jua kali huitumia kwa kuwa mtungi uko karibu na nitrojeni iko mbali. Chuo kisicho na mtungi wa nitrojeni na regyuleta yake kinafundisha tabia hiyo bila kukusudia, kwa sababu mwanagenzi hujifunza kile anachokiona kikitumika.

Kuhusu karakana, hesabu moja inatosha: kila mkono umefanya kazi kwa saa ngapi? Ukiwa na wanagenzi 40, friji 2 na mkufunzi 1, wanaofanya ni 4 na wanaotazama ni 36, nao 36 watafanya mtihani uleule. Kadi ya kazi ya kila mmoja ndiyo itakayoufichua ukweli. Iandikwe humo kila kiungo cha shaba alicholehemu na kama kilihimili nitrojeni, kila mara alipovuta hewa, kila kompresa aliyobadilisha, na sahihi ya mkufunzi aliyesimama hapo. Ningependekeza kiungo cha hamsini kiwe kimepita kabla mtu hajaruhusiwa kwenda kwa mteja. Mkoba wa ushahidi wa kazi unaodaiwa na mitihani ya umilisi utajijaza wenyewe kutokana na kadi hizo, na picha moja ya friji haitazunguka tena kwenye mikoba ya watu ishirini.

Mbao za maonyesho zenye taa na vioo, zile zinazonunuliwa kwa tenda kubwa, si adui. Zinasaidia kueleza mzunguko. Lakini friji kuukuu kumi zilizokusanywa kutoka hospitali, shule na nyumba za walimu zitafundisha zaidi, kwa kuwa zina kutu, nyaya zilizofungwa kwa nailoni, na kazi mbaya za mafundi waliotangulia. Mkipata fedha kidogo, mnunue kwa mpangilio huu: nitrojeni na regyuleta, mizani ya gramu, pampu ya kuvutia hewa na geji ya mikroni, kipimaumeme kinachobana waya, kisha mashine ya kunyonyea gesi na mtungi wake. Mtungi huo usijazwe zaidi ya asilimia 80, maana kiowevu kikipata joto hupanuka na hakitakuwa na pa kwenda.

Geji ya mikroni si anasa, na Busia ina sababu yake ya pekee. Kitabu kitamwambia mwanagenzi avute hewa mpaka mshale ukaribie inchi 30 za zebaki. Mombasa, usawa wa bahari, hilo linawezekana. Hapa kwetu hewa yenyewe ina uzito mdogo. Ombwe kamili litaonekana kwenye geji ya kawaida karibu na inchi 26. Kijana atasubiri mshale ufike 30 na hautafika kamwe. Mwishowe atafikiri pampu imechoka au mfumo unavuja, au, lililo baya zaidi, atazoea kudharau geji. Geji ya mikroni hupima ombwe lenyewe. Akifika mikroni 500, unyevu uliojificha kwenye mabomba huchemka na kutoka hata ukiwa wa baridi kuliko barafu. Akifunga vali na namba ikatulia, mfumo ni mkavu na hauvuji. Ikipanda bila kukoma, kuna tundu. Chombo kimoja kidogo kimejibu swali letu la mwanzo kabla ya gesi hata gramu moja kuingia.

Sheria za gesi nazo zifundishwe kwa tarehe, kwa kuwa tarehe hizo zitamkuta mhitimu akiwa kazini. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilizaliwa kuokoa tabaka la ozoni. Kwa nchi zinazoendelea, gesi za kundi la R-22 zimeshapunguzwa kwa asilimia 67.5 tangu 2025, na 2030 ni mwisho wake, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mitambo iliyopo. Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 yakaongeza gesi zilizozirithi, kama R-134a na R-404A, ambazo haziumizi ozoni lakini hupasha dunia joto: kilo moja ya R-134a ni sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, na R-404A ni karibu kilo 3,900. Kundi la nchi ambamo Kenya imo lilisimamisha ongezeko la gesi hizo 2024, litapunguza asilimia 10 kufikia 2029, na asilimia 80 kufikia 2045. Kijana anayeanza kozi leo atakuwa bado hajazeeka. Akijua R-134a peke yake, ujuzi wake una tarehe ya kumalizika. Tena Kenya ina kanuni za mwaka 2007 kuhusu kemikali zinazodhibitiwa, chini ya sheria ya mazingira, kwa hiyo gesi kufunguliwa hewani ovyo si tabia mbaya tu.

Mtihani wa ndani wa chuo ubadilishwe. Chukueni friji sita, kila moja muiwekee ugonjwa uliofichwa: raba ya mlango iliyochoka, kondensa iliyoziba vumbi, rilei iliyoungua, kapilari iliyoziba, feni iliyokufa, na moja tu yenye tundu. Mwanagenzi apewe dakika 90 na asiambiwe lolote. Atakayeomba mtungi wa gesi kabla ya kupima umeme, joto na mtiririko wa hewa, aanguke. Ni ukali, najua, lakini friji nyingi zinazoitwa "zimeisha gesi" hazijaisha gesi. Stima ya kuruka huchoma rilei. Kompresa inayozimwa na kuwashwa papo hapo hushindwa kuanza kwa sababu shinikizo halijasawazika. Ikipewa dakika tatu hadi tano inaamka. Kifaa kidogo cha kuchelewesha umeme kinaweza kumwokoa mwenye duka na kompresa mpya, na fundi mwaminifu humwambia hivyo.

Kwenye mtihani huo muongeze mtu wa kuigiza mteja. Kuuliza ni sehemu ya ufundi, nayo hufundishwa. "Shikamoo mama. Friji iliacha kugandisha ghafla ama polepole? Stima ilipotea siku hiyo? Kuna fundi aliyewahi kuifungua? Iliwahi kuhamishwa?" Mama akijibu kwamba ilihamishwa kwa pikipiki ikiwa imelazwa na kuwashwa mara ilipofika, nusu ya uchunguzi imekwisha. Wanagenzi wengine hung'ang'ana na vyombo kwa kuona haya kuzungumza. Mzungumzishe mteja kwa lugha anayostarehe nayo. Kiteso au Kisamia kinaweza kukutolea habari ambazo Kiswahili cha darasani kitazikosa.

Wakufunzi wenyewe wanahitaji kurudi kazini. Mtu aliyetoka chuoni akaingia darasani moja kwa moja atafundisha daftari. Kila mwaka mkufunzi mmoja akae wiki kadhaa na kampuni ya viyoyozi, kiwanda cha samaki au karakana ya kontena, Kisumu, Nairobi au Mombasa, arudi na mifano. Kigali kuna kituo cha Afrika cha umahiri wa ubaridi endelevu na usafirishaji wa baridi. Bodi zenu ziulize kuhusu mafunzo ya walimu huko kabla ya kupanga ziara ya mbali zaidi.

Mafunzo kazini ndipo mahali panapovuja muda mwingi. Mwanagenzi hupelekwa ofisi yoyote iliyokubali barua, akapiga chai miezi mitatu, kitabu chake kikasainiwa siku ya mwisho. Chagueni wapokeaji kwa macho: wangapi hutoka na kazi ya baridi kila siku? Na hapa naomba vyuo viache kuwadharau mafundi wa jua kali. Wana wateja, wana uzoefu wa miaka, na makosa yao mengi yanatokana na kukosa vifaa, wala si ujinga. Wafungulieni karakana jioni na Jumamosi. Wafundisheni R-600a, nitrojeni na mizani. Waandaeni kwa mitihani ya daraja ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, inayoanza daraja la III hadi la I, au kwa utaratibu wa kutambua ujuzi mtu aliousomea kazini. Fundi aliyepata cheti kupitia kwenu atampokea mwanagenzi wenu kwa moyo mweupe, na mtakuwa mmebadilisha kazi ya mji mzima kwa haraka kuliko kusubiri wahitimu.

Mpaka nao usiwatishe. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na wateja wa Busia ya Uganda na wa Tororo wana friji zilezile. Mfundishe mwanagenzi kuandika risiti yenye dhamana kwa shilingi za nchi zote mbili, na aulize vibali vinavyohitajika kabla ya kuchukua kandarasi ng'ambo. Kwa kazi za kufunga nyaya upande wa Kenya, aelewe mapema leseni za mamlaka ya nishati, EPRA, maana kiyoyozi kikubwa kinahitaji laini yake na kivunja umeme chake.

Wasichana ni wachache katika kozi hii, na sababu nyingine ni ndogo na zinazorekebishika: ovaroli zisizowaenea, choo kilicho mbali na karakana, mkufunzi anayewapa daftari la kuandika wakati wavulana wanashika tochi ya kulehemu. Kadi ya kazi itawalinda, kwa sababu viungo hamsini ni hamsini kwa kila mtu.

Ukifika wakati wa kupima matokeo, idadi ya waliofaulu haitoshi. Wapigieni simu wahitimu baada ya miezi 6, kisha mwaka, kisha miaka miwili: uko wapi, unafanya kazi gani, unapata kiasi gani, somo gani lilikusaidia, lipi lilikupotezea muda. Halafu mfanye jambo ambalo vyuo vingi havifanyi: muombe namba za wateja watatu wa kila mhitimu na kuwapigia wao. Swali ni moja: fundi alirudi mara ngapi kwa hitilafu ileile? Jibu hilo, likikusanywa mwaka baada ya mwaka, litawaambia kama kadi za kazi, mizani na mtihani wa friji sita vimezaa kitu. Likitundikwa ubaoni mlangoni mwa idara kila muhula, hata yakiwa matokeo mabaya, bodi itajua fedha ziende wapi, na wakufunzi watajua ni sehemu gani ya somo irudiwe.

Na wewe mzazi, au kijana unayechagua kozi, siku ya kutembelea chuo usiridhike na rangi ya majengo wala na orodha ya vifaa iliyochapishwa kwenye karatasi. Omba kuingia karakanani wakati kipindi kinaendelea. Hesabu mikono inayoshika vifaa na mikono iliyofungwa kifuani. Muulize mwanagenzi wa mwaka wa mwisho akuonyeshe kadi yake. Kisha uliza mtungi wa nitrojeni uko wapi, na ulijazwa lini mara ya mwisho. Ukiambiwa ufunguo wa stoo uko na mtu aliyesafiri, endelea kutafuta chuo kingine.